Mtambo wa pipa wa kugeuza mafuta ya chipsi kuwa dizeli: tumeukagua koki kwa koki

Mwenye haraka apate jibu kwanza. Mtambo huu unamfaa mtu mwenye uhakika wa kupata lita 100 za mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi, mwenye mashine yake ya kuyachoma, na aliye tayari kubadilisha vipande vitano kabla hajauwasha. Anayetaka kuumiminia mafuta mapya ya alizeti, au anayeota kujaza gari la dizeli la kisasa, abaki na pesa yake.

Umechomelewa mjini Dodoma na fundi ambaye kazi yake ya kila siku ni mageti na matanki ya maji. Mwili ni pipa la chuma la lita 200 lililokatwa kitako na kuungwa koni ya bati la milimita 3, likasimamishwa kwenye miguu mitatu ya sentimita 90 ili dumu la lita 20 liingie chini. Ndani kuna hita ya maji ya kilowati 2 yenye themostati. Nje kuna pampu ya maji ya nusu farasi inayovuta kutoka chini ya koni na kurudisha juu. Ubavuni kuna mpira mweupe wa kuonea usawa, na juu yake tanki dogo la plastiki la kuchanganyia methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, na kostiki (hapa ni kostiki potashi). Pipa la pili, la plastiki ya bluu, ni la kuoshea. Kazi yake kwa mpigo mmoja ni lita 100 za mafuta na lita 20 za methanoli. Nafasi inayobaki juu isikutamanishe kuongeza, ni ya povu.

Koni ndiyo sehemu iliyofanywa kwa akili kweli. Gliserini, masalia yanayobaki mafuta yakigeuka, ni nzito kuliko dizeli ya mimea, kwa hiyo hutuama chini, na kwenye pipa la kitako bapa hubaki unene wa kidole ambao pampu huuvuruga tena. Hapa inashuka yote. Ukifungua koki ya chini taratibu inatoka nyeusi, nzito, inajikunja kama asali ya zamani, halafu unapita uzi mwembamba wa rangi ya chai, kisha ghafla dhahabu. Mwenye mkono mwepesi hapotezi hata kikombe.

Kinachofanyika humo ndani kieleweke, maana ndipo makosa yote yanapoanzia. Chembe moja ya mafuta ya mimea ni mikia mitatu ya asidi iliyoshikwa na mgongo mmoja wa gliserini. Kostiki huikata ile mikia, na kila mmoja hushikwa na methanoli. Mafuta ya alizeti yenye mnato wa kama sentistoki 33 kwenye nyuzi 40 hushuka hadi kati ya 4 na 5, kiwango ambacho nozeli inaweza kukipuliza kama ukungu. Bila kugeuzwa, mafuta huingia kwenye silinda kwa matone, hayaungui yote, na masizi yanagandisha ringi. Injini ya Rudolf Diesel ilionyeshwa Paris mwaka 1900 ikitumia mafuta ya karanga, nayo ilikubali kwa kuwa injini za wakati ule zilikuwa kubwa na za mwendo wa polepole. (Karanga zenyewe Waingereza walikuja kuzilima hapa kwetu Kongwa mwaka 1947, wakafunga virago 1951, kwa hiyo ndoto za mafuta ya mimea si ngeni katika mkoa huu.)

Karatasi ya maelekezo inayokuja na mtambo ni ya nusu ukurasa, na ina kosa moja linaloharibu kazi yote: inasema uweke kilo moja ya kostiki kila mpigo. Hakuna kipimo cha kudumu. Mafuta yakikaangiwa mara nyingi hutoa asidi huru, na asidi hiyo hula kostiki kabla haijaanza kazi yake. Lazima upime kila mzigo.

Upimaji wenyewe hauhitaji maabara. Yeyusha gramu 1 ya kostiki potashi kwenye lita 1 ya maji ya betri, yale yasiyo na asidi; soma lebo, maana dukani yote mawili hukaa rafu moja. Chukua mililita 10 za aizopropili, ile spiriti ambayo mafundi simu husafishia bodi, tia mililita 1 ya mafuta yako na chembe ya bizari ya manjano. Kwa bomba la sindano dondosha maji yale ya kostiki huku ukitikisa, mpaka njano igeuke nyekundu ya matofali na ibaki hivyo kwa nusu dakika. Mililita ulizotumia ndizo gramu za kuongeza kwa kila lita ya mafuta. Msingi ni gramu 7 kwa lita kama potashi ni safi kabisa. Ya dukani yenye usafi wa asilimia 90 inakuwa 7.8. Ukitumia mililita 3, jumla ni gramu 10.8 kwa lita, yaani gramu 1,080 kwa lita 100.

Sasa linganisha na ile kilo moja ya karatasini. Mafuta mabichi ya kinu, ambayo hayana asidi ya kutajika, yanataka gramu kama 800 tu. Zile 200 za ziada zinageuka sabuni, na utaosha mpaka uchoke. Mafuta ya kibanda yaliyokaangiwa wiki nzima yanaweza kusoma 5, na hapo unataka karibu gramu 1,280. Ukiweka kilo, mafuta nusunusu yanabaki bila kugeuzwa na huoni kwa macho. Yakisoma zaidi ya 5 usiyapokee, au yachanganye na mazuri mpaka yashuke. Mzani uliouzwa pamoja na mtambo unasoma kwa hatua za gramu 5, unafaa kwa ile kilo ya kostiki, ila gramu 1 ya kwenye maji ya kupimia hauioni. Nenda kwa sonara akupimie.

Methanoli haina mbadala kwenye mtambo huu. Spiriti ya kuwashia ina maji, gongo ina maji zaidi, na maji yakikutana na kostiki ndani ya mafuta ni sabuni. Kwa sababu hiyohiyo mafuta ya chipsi lazima yakaushwe. Yapashe moto kijikoni kwanza: yakilia kama chumvi motoni, yana maji. Pasha mzigo wote hadi nyuzi 60, uache utulie usiku kucha, kisha umwage chini maji na makombo ya viazi.

Siku ya kupika, mafuta hupashwa hadi nyuzi 55. Lita 100 kutoka nyuzi 25 hadi 55 zinataka kilowati-saa moja na nusu, kwa hiyo hita hii inachukua muda wa saa moja hivi, na ukihesabu joto linalopotea ni takriban uniti 2 za LUKU. Hapo uizime hita. Ndipo uingize methanoli iliyokwisha kuyeyusha kostiki, kidogokidogo kwa dakika kumi, pampu ikizunguka. Acha izunguke saa moja na nusu, umefunga pipa kwa magunia lisipoe. Kisha zima kila kitu mpaka kesho.

Themostati ilitoka kiwandani ikiwa nyuzi 65, na fundi hakuigusa. Hili ni kosa la hatari, hasa Dodoma. Methanoli huchemka nyuzi 64.7 ukiwa usawa wa bahari. Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu, hewa ni nyepesi, na huku inachemka kwenye nyuzi 61 hivi. Maelekezo ya mitandaoni yanayosema pika kwenye 60 yaliandikwa na watu wa bondeni. Huku kwenye 60 tayari mvuke unatafuta tundu la kutokea, na mtambo huu una tundu kubwa: mfuniko wake umekaa juu ya pipa kama mfuniko wa sufuria, bila gasketi wala bomba la kupeleka mvuke nje. Swichi ya pampu imefungwa sentimita 30 kutoka hapo. Swichi ya kawaida hutoa cheche kila ikibonyezwa. Moto wa methanoli mchana hauonekani, unaona tu hewa inacheza na ngozi inaungua.

Kwa hiyo marekebisho mawili ya kwanza ni haya: swichi ihamishwe ukutani, angalau mita tatu kutoka pipani, na mfuniko uwekewe gasketi na bolti, pamoja na bomba la mvuke linalopita kwenye ndoo ya maji baridi na kuishia nje ya banda. Bomba hilo linalipa. Katika lita 20 za methanoli, mmenyuko wenyewe unakula kama 12 au 13, na zile 7 hubaki huru, sehemu kubwa ikiwa ndani ya gliserini. Ukiipasha gliserini baadaye kwenye chombo kilichofungwa vizuri chenye bomba la namna hiyo, sehemu nzuri ya methanoli hiyo inarudi kama matone kwenye dumu. Bila bomba inaishia kifuani mwako. Methanoli hupofusha, hata inayopenya kwenye ngozi, kwa hivyo glavu na miwani si mapambo.

Cha tatu ni hita. Hita ya maji imebana joto lake kwenye eneo dogo, na maji hulichukua haraka, lakini mafuta hayawahi. Baada ya mipigo michache huvaa gamba jeusi, mafuta hunuka kuungua, na mwishowe waya hukatika ndani. Dawa ipo kwa majirani zako wauza chipsi: hita ya fraya ya umeme imetengenezwa kwa mafuta, imetandazwa ndefu, inatoa joto polepole. Waya wa milimita 2.5 unatosha kwa ampea 9, mradi waya wa ethi ufungwe kwenye mwili wa pipa. Kwenye mtambo huu ulikuwa umekatwa na kukunjwa.

Cha nne ni koki. Zote nne ni za brasi, na viungio ni vya bomba la zinki. Dizeli ya mimea haipatani na shaba, brasi wala zinki, huchochewa kuoza, inageuka chachu yenye gundi inayoziba filta. Weka koki za stenlesi na viungio vya chuma cheusi au stenlesi. Pampu nayo ina feni ya brasi ndani, lakini mafuta hayakai humo, yanapita tu, kwa hiyo ivumilie. Sili yake ndiyo itakayokufa kwanza. Nunua ya akiba mapema. Cha tano ni ule mpira mweupe wa kuonea usawa. Ni PVC laini, unaonekana mzuri siku ya kwanza, na mvuke wa methanoli unaukausha mpaka unapasuka ukikunjwa. Ukipasuka usiku mzigo ukiwa umetulia, asubuhi unakuta lita 60 sakafuni. Weka mpira mgumu wa polithini, au ondoa kabisa na utumie kijiti cha kupimia.

Baada ya kumwaga gliserini, pima kama mafuta yamegeuka yote. Mililita 3 za dizeli yako ndani ya mililita 27 za methanoli, tikisa, subiri. Ikiwa safi kabisa bila tone chini, umefaulu. Tone la njano likitulia chini, kuna mafuta hayajageuzwa. Pasha upya, ongeza methanoli lita 5 na kostiki kidogo, uzungushe tena. Fanya kipimo asubuhi. Saa nane mchana joto lenyewe huyeyusha tone na kukudanganya.

Hapa ndipo mtambo unapogongana na Dodoma yenyewe. Pipa la bluu limewekwa kwa ajili ya kuosha kwa maji, mara tatu, lita 30 kila mara. Yaani lita 90 za maji kwa lita 100 za mafuta, katika mji ambao watu wengi hununua maji kwa madumu. Ubaya zaidi, maji ya visima vyetu ni magumu. Mtu anayefua kwa maji ya kisima anaijua ile takataka nyeupe inayoelea, na ndiyo hiyo utakayoipata, imeng'ang'ania mafuta kama mtindi. Maji ya mvua yanafanya kazi vizuri, kuanzia Desemba mpaka Aprili. Miezi mingine pipa la bluu ni bure.

Njia inayofaa huku ni kuosha kwa ukavu. Mafuta yakishapashwa na methanoli kutolewa kupitia lile bomba, sabuni haina tena cha kuishikilia, inajikusanya. Yapitishe polepole kwenye ndoo ndefu iliyoshindiliwa vumbi la mbao ngumu lililokauka, kutoka kwa seremala yeyote. Pima kwa chupa: nusu mafuta, nusu maji, tikisa sekunde kumi. Yakiachana ndani ya nusu saa na maji kubaki maangavu, uko salama. Maji yakiwa kama maziwa, vumbi limejaa, badilisha. Vumbi lililokwisha kutumika usilirundike pembeni. Mafuta yenye asili ya alizeti hushika hewa haraka, yanatoa joto, na rundo linaweza kujiwasha lenyewe bila kiberiti. Litie kwenye debe la chuma lenye maji na mfuniko, au litandaze nje kwa unene wa kidole.

Muuzaji anasema mtambo unakula "mafuta ya aina yoyote ya mmea". Kwa kanda hii maneno hayo yanamaanisha alizeti na nyonyo. Alizeti inageuka vizuri, lakini mafuta yake ya kula yanauzwa ghali kuliko dizeli ya kituoni, na bado hujaweka methanoli. Hesabu haifungi hata ukiwa na kinu chako Singida. Mafuta yaliyotumika ndiyo pekee yanayoleta maana, nayo yana mshindani: wapo wanaoyanunua kukaangia tena mandazi. Ongea na vibanda mapema na uwape madumu yenye mfuniko, yasije yakafika na maji.

Nyonyo ni habari nyingine. Inavumilia ukame, mbegu yake ni karibu nusu mafuta, na inamea hata kando ya majalala ya mjini. Lakini sehemu kubwa ya mafuta yake, zaidi ya asilimia 80, ni asidi moja ya risinoleiki, yenye tawi la ziada linaloifanya iwe nzito na ipende methanoli kupita kiasi. Ndani ya mtambo huu gliserini hukataa kutuama, unasubiri siku nzima na bado kuna rangi moja juu mpaka chini. Hata ikigeuka, mnato wake ni wa 13 na kuendelea, wakati kiwango cha Ulaya kinaishia 5. Changanya kidogo kwenye dizeli nyingine kwa ajili ya ulainishaji, basi. Mafuta ya nyonyo thamani yake iko kwenye vitu, si kwenye moto: vilainishi, rangi, na plastiki ya nailoni 11 inayotengenezwa kutokana na asidi hiyohiyo, ambayo hutumika kwa mabomba ya mafuta na ya breki za upepo kwenye malori. Kuyachoma kwenye mashine ya kusaga ni kuchoma mlango ili uchemshe chai. Na mashudu ya nyonyo yana sumu ya risini, yasifike karibu na ng'ombe wala kuku.

Anasema pia kwamba ni "mafuta yaleyale yanayorusha ndege". Siyo. Mafuta ya ndege ya mimea hutengenezwa kwa haidrojeni, kwenye joto la nyuzi 300 na zaidi na mgandamizo mkubwa, oksijeni yote inang'olewa, kisha huchanganywa na ya kawaida hadi nusu kwa nusu. Pipa la mageti halifiki huko na halina haja ya kufika.

Linapofaa ni kwenye injini ya silinda moja ya mashine ya kusaga au pampu ya kumwagilia, ile inayopozwa kwa maji na yenye pampu ya nozeli ya kizamani. Anza na sehemu moja ya dizeli ya mimea kwa nne za kituoni. Itasugua uchafu wote wa miaka kwenye tanki na kuupeleka kwenye filta, kwa hiyo ukiona mashine inapumua kwa shida saa za mwanzo, ni filta, usifungue nozeli. Mipira ya kawaida ya mafuta huvimba na kulainika. Badilisha kwa ile ya vaitoni. Matumizi yatapanda kidogo, maana lita moja ina nishati pungufu kwa kama asilimia 8. Iliyotokana na alizeti haigandishwi na baridi ya Julai ya Dodoma. Joto na mwanga ndivyo vinavyoiharibu: hifadhi kwenye dumu lililojaa mpaka shingoni, kivulini, na umalize ndani ya miezi mitatu.

Gliserini iliyotolewa methanoli ni sabuni nzuri ya maji ya kuoshea mikono yenye grisi. Kuuza dizeli kwa watu wengine ni biashara ya leseni, na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, makao yao yako hapahapa mjini. Methanoli na kostiki nazo ni kemikali zinazosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2003, hivyo nunua kwa aliyesajiliwa na utunze risiti.

Fundi anataka nusu ya malipo mwanzo na nusu ukichukua. Vipande vile vitano viandikwe kwenye oda kabla ya ile nusu ya kwanza, na ile ya pili isitoke mpaka uone koki za stenlesi kwa macho yako na ujaze maji lita 120 kuangalia maungio ya koni. Kwenye huu, ungio moja lilitoa jasho karibu na mguu wa nyuma, na aliyekwisha kulipa yote anapangwa nyuma ya mageti.